Ijumaa 12 za picha moja: namna popo wa ami walivyonisumbua

Msomaji, kabla hujaendelea, fungua simu yako. Nenda kwenye picha, chagua moja uliyotumiwa kwa WhatsApp, kisha angalia jina la faili lake. Kama simu yako ni ya Android, utakuta kitu kama IMG-20220316-WA0047. Wengi wetu tukiona hivyo tunasema, "Aha, hii ilipigwa tarehe 16 Machi 2022." Sivyo. Hiyo ni siku picha ilipoingia kwenye simu yako. Inaweza kuwa ilipigwa asubuhi ile ile, au miaka 6 nyuma, na ikazunguka kwenye magrupu mpaka ikakufikia. Ukiifowadi leo, simu ya mwenzako itaipa tarehe ya leo.

Mimi nimelijua hilo kwa uchungu. Jina la faili nililoandika hapo juu ni la picha iliyonipotezea karibu mwezi mzima wa tasnifu yangu ya uzamili.

Nianze na mwenye picha. Nina ami yangu, ndugu wa baba, anakaa kaskazini ya Pemba, upande wa Micheweni. Kazi yake ni ukulima na uvuvi kidogo, lakini mapenzi yake ni kupiga picha kwa simu. Hapigi harusi wala hapigi kwa pesa. Anapiga ngalawa zikirudi, wanawake wakivuna mwani maji yakiwa yametoka, karafuu zikianikwa, paka amelala juu ya jamvi la karafuu. Zote anazitupa kwenye grupu la familia, bila neno hata moja. Watu wanaweka vidole gumba na mioyo, kisha maisha yanaendelea.

Moja ya picha hizo inaonyesha ua wa msikiti mdogo wa kijijini. Mbele kuna jamvi limetandazwa karafuu. Pembeni kuna nguzo ya kamba ya nguo. Nyuma kabisa umesimama mvule mkubwa, na kwenye matawi yake wananing'inia popo, wengi, kama mifuko meusi iliyosahauliwa juu ya mti.

Sasa, hawa si popo wa kawaida wa darini. Ni popo wa Pemba, kwa jina la kisayansi Pteropus voeltzkowi, na hapana pahali pengine duniani wanapoishi porini isipokuwa kisiwa hiki. Akikunjua mabawa anafika mita moja na nusu na zaidi, mrefu kuliko watoto wengi wa darasa la tano. Hawali wadudu, wanakula matunda na maua, na wakiruka usiku wanabeba mbegu kutoka shamba hadi shamba. Ukoo wao wa Pteropus umeenea Asia, Australia na visiwa vya Bahari ya Hindi, lakini bara la Afrika haumo kabisa. Wamefika Mafia, wamefika Pemba, bara hawakukanyaga. Kati yetu na bara kuna mkondo wenye kina cha mamia ya mita, na ni kwa sababu ya kutengwa huko ndiyo Pemba ina viumbe wake peke yake, popo huyu akiwemo, pamoja na bundi wake na njiwa wake wa kijani.

Miaka ya 1990 hali yao ilikuwa mbaya. Misitu ilikuwa imekatwa, na watu waliwawinda kwa nyama. Mwaka 1996 waliwekwa kwenye orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kisha vijiji vikaanza kuwalinda. Kidike, si mbali na Chake Chake, ndipo maarufu zaidi, na ukienda leo utaonyeshwa popo kwa kiingilio kidogo. Idadi ikapanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulikadiria kama popo 22,000 kisiwani, na daraja la hatari likashushwa. Ni moja ya hadithi chache za uhifadhi zenye sura ya kufurahisha, na ilifanywa na wanavijiji zaidi kuliko na watu wenye shahada kama mimi.

Tasnifu yangu ilihusu maghengo yao, yaani miti wanayolala mchana, upande wa kaskazini. (Neno "maghengo" nimelitunga mwenyewe nikiwa shambani. Wazee walinicheka, wakasema sema tu "malalo". Basi malalo.) Kwa kila lalo nilihitaji kujua: popo wapo? Kama hawapo, walionekana mara ya mwisho lini? Na kwa nini waliondoka?

Mvule wa kwenye picha nilipoufikia haukuwepo. Kilikuwa kisiki. Ulikatwa mbao kabla ya masika ya mwaka 2021. Hilo wanakijiji wote walikubaliana. Walichokosana ni jambo moja tu. Wengine walisema popo walikuwemo mpaka siku ya msumeno. Wengine, na hasa waliofaidika na mbao, walisema popo walishahama zamani, mwaka mzima na zaidi kabla ya mti kuangushwa, kwa hiyo mti haukuwa na faida tena.

Unaona tofauti yake? Kama popo walihama wenyewe, nitafute sababu nyingine: chakula, upepo, kelele. Kama walifukuzwa na msumeno, basi kila mvule mkubwa uliobaki upande ule una habari ya kuambiwa sheha kabla haujauzwa. Na ushahidi wa kuamua jambo hilo ulikuwa umelala kwenye grupu la familia yetu, kati ya dua za asubuhi na tangazo la mchango wa harusi. Nilichokosa ni tarehe.

Nikampigia.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Wataka nini tena?"

"Ile picha ya popo kwenye mvule wa msikitini. Uliipiga lini?"

"Si zamani."

"Mwaka gani, ami?"

"Mwaka ule karafuu zilipokuwa nyingi."

"Faili lenyewe bado unalo?"

Kimya kidogo. "Simu ile ilitumbukia baharini Mkoani, nikishuka kwenye boti."

Hapa nisimame nikueleze kilichozama Mkoani, maana si simu tu. Kamera ya simu inapopiga picha, haihifadhi rangi na vivuli peke yake. Ndani ya faili hilo hilo inaandika taarifa nyingine ambazo huzioni: siku, saa mpaka sekunde, aina ya simu, lenzi ilivyokuwa, na kama umeruhusu, longitudo na latitudo ya pale uliposimama. Taarifa hizi huitwa EXIF. Ni kama maandishi ya nyuma ya picha za zamani, zile za studio, ambapo bibi aliandika "Wete, Idi ya pili" kwa kalamu. Tofauti ni kwamba simu inaandika yenyewe bila kuombwa.

Unapotuma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu inaipunguza ukubwa ili isile bando, na katika kuipunguza inazifuta taarifa zile. Facebook na Instagram nazo hazimpi anayepakua picha yako taarifa hizo. Sisemi ni ubaya. Fikiri: ungependa kila anayeona picha ya mtoto wako aweze kujua nyumba yenu ilipo kwa usahihi wa mita chache? Kufuta ni kinga. Lakini kinga hiyo inafuta kwa wote sawa, mwizi na mwanafunzi wa uzamili.

Kwa hiyo nilikuwa na picha iliyovuliwa nguo. Nikaamua kuisoma yenyewe, kwa kivuli.

Nilirudi kijijini na futi ya fundi. Nguzo ya kamba ya nguo ilikuwa bado ipo, mita 2.1 kutoka sakafuni. Kwenye picha kivuli chake kimelala kwenye sakafu ya saruji, na ncha yake inaishia karibu na ufa ambao nao bado upo. Nikapima: kati ya sentimita 63 na 70. Sikuweza kupata zaidi ya hapo, kwa sababu ncha ya kivuli si kali. Jua si nukta, ni duara, kwa hiyo ukingo wa kivuli hufifia.

Kimeelekea wapi? Hapa ndipo nilipofurahi mpaka nikacheka peke yangu uani. Kivuli kimelala sambamba na ukuta wa msikiti, moja kwa moja kuelekea kibla. Na kibla ya Pemba ni ya aina yake. Makka iko longitudo 39.8 Mashariki. Pemba nayo iko hapo hapo, 39.7 na 39.8. Ukitoka kisiwani ukaenda kaskazini kamili bila kupinda, unafika Makka. Ndiyo maana wazee wa pwani wakisema "kibla" mara nyingine wanamaanisha kaskazini tu. Basi kivuli kinachoelekea kibla ni kivuli kinachoelekea kaskazini, na kivuli kinacholala kwenye mstari wa kaskazini na kusini ni kivuli cha zawali, pale jua linapofika kilele chake na kupinduka. Msikiti wa zamani haukujengwa kwa setilaiti, lakini hata ukikosea nyuzi 5, kwa msimu ule ni kosa la dakika 7 hivi.

Ni saa ngapi hiyo kwa saa ya mkononi? Si saa sita kamili. Saa ya Afrika Mashariki imehesabiwa kwa mstari wa longitudo 45, ambao hata haupiti Tanzania. Pemba iko magharibi ya mstari huo kwa nyuzi 5 na ushei, na dunia inachukua dakika 4 kuzunguka nyuzi moja. Kwa hiyo zawali ya Pemba inachelewa kama dakika 21. Ongeza au toa robo saa hivi kulingana na mwezi, kwa sababu dunia imeinama na haizunguki jua kwa duara kamili. Kila anayefuata ratiba ya adhuhuri anaujua mchezo huu, hata kama hajawahi kuufanyia hesabu.

Sasa msimu. Kwa Pemba, jua linapita juu ya utosi kamili mara 2 kwa mwaka, karibu tarehe 7 Machi na tarehe 6 Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba jua la zawali liko kaskazini yetu, kwa hiyo vivuli vinaelekea kusini. Kati ya Oktoba na Machi liko kusini, vivuli vinaelekea kibla. Nusu ya mwaka imeshaondoka bila hesabu yoyote. Hesabu inakuja kwenye urefu: gawa kivuli kwa nguzo, upate tanjenti ya pembe, na pembe hiyo inakupa jua lilikuwa umbali gani kutoka utosini. Sentimita 70 kwa nguzo ya mita 2.1 ndiyo mwisho wa kivuli cha zawali upande wa kibla; hicho ni cha tarehe 21 Desemba. Sentimita 63 ni mwisho wa Novemba, au karibu tarehe 12 Januari. Karibu na Desemba 21 jua huwa kama linasitasita, halisogei sana siku hadi siku, kwa hiyo kosa la sentimita chache linakuwa kosa la wiki 6. Inaudhi, lakini ndivyo mbingu zilivyo.

Karafuu kwenye jamvi zinakubaliana na msimu huo. Rangi yake bado haijawa kahawia kamili, kwa hiyo zilikuwa hazijamaliza siku zao za jua.

Kisha nikaona ndala. Mlangoni mwa msikiti pamejaa ndala na makubadhi, mengine yamepandana. Msikiti ule siku za kawaida hauna watu wengi kiasi hicho wakati wa zawali. Watu wako shamba, wengine baharini. Ujae vile kabla adhuhuri haijaingia vizuri? Ni Ijumaa.

Nilipoeleza hili nyumbani, mke wa ami aliweka chini ungo aliokuwa anapepeta. Akamgeukia mumewe: "Ijumaa! Watu wamo ndani wanasikiliza hotuba, weye uko nje wapiga popo picha?"

Ami akasema alikuwa anakaribia kuingia. Mimi nikainamia daftari langu. Sayansi ina gharama zake.

Baki ya mwaka. Ukuta wa msikiti kwenye picha ni wa kijani, na rangi hiyo, kwa kauli ya kila mtu kijijini, ilipakwa kabla ya Ramadhani ya mwaka 2019. Mti ulikatwa kabla ya masika ya 2021. Kwa hiyo ni Desemba na Januari za misimu 2: 2019 kuingia 2020, au 2020 kuingia 2021. Nikafungua kalenda nikahesabu Ijumaa zilizomo ndani ya mipaka ya kivuli. Msimu wa kwanza 6. Msimu wa pili 6.

Ijumaa 12. Na mstari wa kesi yangu unapita katikati yake. Zile 6 za mwanzo zinawapa nguvu wanaosema popo walihama zamani. Zile 6 za mwisho zinasema popo walikuwemo miezi michache tu kabla ya msumeno. "Mwaka ule karafuu zilipokuwa nyingi," ami anashikilia, lakini nilipouliza majirani ni upi, nusu walisema huu na nusu walisema ule, na kila mmoja alihesabu kwa mikarafuu yake mwenyewe.

Kama faili halisi lingekuwepo, jibu lingepatikana kwa kubonyeza mara moja.

Huenda unasema, basi picha za watu wa kawaida hazina faida kwa sayansi. La, zina faida kubwa, na mfano uko bahari hii hii. Kule Mafia kuna papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote, mwenye madoa meupe mgongoni. Kila potwe ana mpangilio wake wa madoa, kama alama ya kidole. Mwaka 2005 watafiti walichapisha njia ya kuyalinganisha madoa hayo kwa kompyuta, wakitumia hesabu ambayo wanaastronomia waliibuni kulinganisha picha za nyota. Tangu hapo mtalii aliyepiga potwe mmoja ubavuni akiwa likizo anaweza kuwa ameandika historia ya mnyama yule: alikuwa hapa mwaka huu, alirudi mwaka ule. Lakini madoa yanakwambia ni nani. Hayakwambii wapi wala lini. Hayo yanatoka kwa aliyepiga.

Kuna pia iNaturalist, ambayo ilianza mwaka 2008 kama kazi ya mwisho ya wanafunzi wa shahada ya uzamili pale Berkeley, Marekani (tuna sababu ya kujivunia, wenzangu). Unaweka picha ya kiumbe, watu wanakusaidia kumtambua, na ikikamilika inaweza kupelekwa GBIF, hazina ya kimataifa ya data za viumbe ambayo watafiti wanachota humo. Sharti la kwanza la kuhesabiwa kuwa data ya utafiti si ubora wa picha. Picha inaweza kuwa mbovu kabisa, popo aonekane kama soksi. Lazima iwe na tarehe na mahali.

Na ile hofu ya mwindaji kufuata ramani? Kwa viumbe walio hatarini mfumo huo huficha mahali halisi, ukaweka nukta yoyote ndani ya mraba wa nyuzi 0.2, yaani kama kilomita 22 kila upande. Kwa Serengeti hiyo ni sawa. Kwa Pemba, ambayo upana wake wote ni kama huo, popo wako anaweza kuonekana kwenye ramani akining'inia katikati ya bahari. Usishangae ukimwona huko. Data halisi ipo, imefichwa tu.

Kwa hiyo ombi langu kwako ni dogo na halihitaji kamera ya bei. Faili halisi usilifute. Lihifadhi kwenye kadi au kompyuta. Ukimtumia mtu anayehitaji ushahidi, mtumie kama dokumenti, siyo kama picha, maana kwa njia hiyo WhatsApp haiigusi na tarehe inabaki ndani. Ukiweka hadharani, acha mahali pafutwe, hasa kama ni nyumbani kwako au ni lalo la popo. Na hakikisha tarehe ya simu yenyewe ni sahihi. Nimeshapokea popo wa tarehe 1 Januari 1970.

Msimamizi wangu aliutazama ukurasa wa hesabu zangu za kivuli kwa muda mrefu, akasema ni kazi nzuri, akasema pia lalo lile haliwezi kuingia kwenye jedwali la "walifukuzwa". Liko kwenye jedwali la "sababu haikuthibitika", pamoja na picha ya ami kama kiambatisho. Kisiki kipo, na mvule mwingine wa jirani nimesikia umeshapimwa.

Ami amenunua simu mpya. Nilimfundisha kutuma kama dokumenti, akajifunza siku moja. Ila sasa amechukulia jambo lenyewe kwa uzito kuliko nilivyotarajia. Kila picha inakuja na ujumbe wa sauti wa dakika 4: leo ni siku gani, bamvua au maji mafu, upepo unatoka wapi, nani alipita akiwa amebeba nini, na amesimama wapi. Mwisho wa kila ujumbe, kama ni Ijumaa, anaongeza kwamba ameshaswali.